Aliyemtaja Miradie

Rafiki yangu Sidonie hana muda wa mizimu. Kazi yake ni kuogesha wazee wa Peckham, nao humtosha. Jumapili moja ya Desemba 2001 alipitia kanisani, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la matairi, kuchukua sufuria yake tu.

Saa kumi jioni, kama ilivyo kwa Waingereza wakati wa baridi, giza lilikuwa limeshaingia, na umeme ulikuwa umekatika. Waumini walikuwa wakikanyaga sakafu kwa pamoja, mchungaji akiuliza, "Nani anatuloga? Mtajeni."

"Miradie," akasema mtu.

Miradie alikuwa yatima wa miaka minane, na uchawi wake wote ni kukojoa kitandani. Lakini aliyetajwa hufungiwa humo siku tatu bila chakula. Jina likapokelewa kila upande. Watu wakalia, wakaanguka, wengine wakabweka.

Sidonie alipapasa mpaka akaupata mkono mdogo wa baridi. "Nyamaza, mama. Twende."

Ndipo sauti mpya ikatoka pembeni kabisa: "Mi-Mi-Miradie."

Kigugumizi hicho ni cha Sidonie tangu utoto wake Bukavu, na humkamata kwenye majina tu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amefumba mdomo, ameuma meno.

Alishuka ngazi na mtoto mbio hadi kituo cha basi kilicho mbele ya duka. Chini ya taa, Miradie akauchomoa mkono wake.

"Tantine," akasema, kama aitavyo shangazi, "hata wewe umenitaja."

"Si mimi, mama."

Mtoto akanyoosha kidole kwenye dirisha la ukumbi. Kule juu wote walikuwa wamenyamaza, isipokuwa mmoja.

"Mi-Mi-Miradie."