Kamba ya Kisima cha Mama Mushiya

Kisima cha Mama Mushiya kimekauka, na aliyekikausha ni mume wake. Nawaambia ninyi mnaochimba kobalti nyuma ya nyumba zenu, hapa Kolwezi.

Kabla ya hapo uani kwao palikuwa na amani. Wanawake wa mtaa waliteka maji, wakamwagilia mboga za lengalenga, wakaimba nyimbo za kanisa. Kisha Zéphirin, mume wake, shemasi wetu, akachimba shimo kando ya jikoni. Si mtu mbaya. Alitafuta ada ya shule ya watoto. Shimo lilipojaa maji, akaleta mashine ya kuyavuta.

Haikupita wiki, Mushiya akamwita.

"Tata, kamba haifike tena ku mayi."

"Ongeza kamba."

"Niliisha kuongeza. Mbele ya kuwasha ile mashini, uliuliza sisi benye kuteka?"

"Mungu alisema mutu atawale dunia. Hakusema aulize ndoo."

"Alisema pia aitunze. Ile njo maneno banaume munarukaka."

Jirani yao, Mama Kanku, akamcheka shemasi. "Tata diakre, sasa tutabatiza batoto na mazuti?"

Zéphirin akaongeza mazuti, mafuta ya mashine. Maji mekundu ya shimoni aliyamwaga bustanini, chini ya ukuta wa jikoni. Lengalenga ikanyauka. Udongo ukalowa, ukalegea. Asubuhi moja, yeye akiwa shimoni, ukuta ukamwangukia.

Waliomfukua ni wanawake wale wale, kwa majembe ya bustani. Mushiya alipoona nywele zake alitupa jembe, akafukua kwa vidole asimkate. Wakamtoa akiwa hai, kwa kamba ya kisima, ile iliyoongezwa.

FUNZO

Mashine si dhambi. Dhambi ni kuiwasha bila kumuuliza anayeteka maji. Wanaume, tumeamrisha ardhi kama tunavyoamrisha wake zetu, kisha tukasema Mungu ndiye aliyetutuma. Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Anayejua kama bustani inatunzwa ni yule anayeinama ndani yake kila asubuhi. Muulizeni kwanza.

Gharama ni hii: kisima, bustani, jikoni, na mguu wa kulia wa Zéphirin. Kobalti imebaki chini ya kifusi. Maji yanatekwa mbali sasa, na watoto wanaenda kuyateka saa za shule.