Wifi Yangu Alijaza Fomu, Mimi Nikazika Mume

Nina miaka arobaini na tatu, mjane, mama wa watoto watatu, mkulima wa maharage na viazi hapa Igowole, wilaya ya Mufindi. Barua hii nimeiandika mara nne na mara zote nne nimeichana. Leo sichani! Wanaonijua wacha wanijue, na yule ninayemsema atajijua mwenyewe.

Ninayemsema ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu Festo. Nitamwita Eda. Si jina lake, jina lake lenyewe mpaka leo likipita mdomoni linaniwasha.

Eda ndiye aliyemlea Festo baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni, alimsomesha, na hakutaka mtu yeyote asahau. Aliolewa Mbeya, akajenga Iyunga, lakini nyumba yangu ya Igowole aliiongoza kwa simu. Watoto wasome wapi, Eda. Mahindi tuuze lini, Eda. Siku moja alimwambia mume wangu, nami nimekaa hapo hapo namenya viazi, "Mke unaweza kupata mwingine, dada hupati." Festo akacheka. Mimi nikameza, nikaendelea kumenya.

Miaka mingapi nilimeza, ndugu zangu? Kumi na saba!

Sasa sikilizeni. Miaka sita kabla ya msiba, Festo aliangukiwa na gogo kwenye shamba la miti. Tukamkimbiza hospitali Iringa mjini. Wakasema lazima apigwe CT scan ya tumbo waone kama anavuja damu ndani, na ili picha ionekane vizuri atachomwa dawa kwenye mshipa, wenyewe wanaiita kontrasti. Mtaalamu wa pale alikuwa mtu wa watu. Aliuliza kwa utulivu. Ana tatizo la figo? Anatumia dawa za kisukari? Ana pumu? Kuna dawa inayomdhuru? Tukajibu hapana, na kweli ilikuwa hapana. Akamwambia Festo, "Dawa ikiingia utasikia joto mwili mzima, utaona kama umejikojolea. Usiogope, hujajikojolea."

Festo akatoka kwenye mashine anacheka na maumivu yake. "Mama Neema, nimeikagua suruali mara mbili!"

Tukacheka wote. Kicheko hakijaisha, naona vipele vimepanda shingoni. Midomo ikavimba. Akaanza kukohoa na kuvuta pumzi kwa shida, macho yamenitoka, nikapiga yowe. Manesi wakaruka naye, sindano, hewa, wakamrudisha. Mungu mkubwa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliandika kadi kwa wino mwekundu: huyu ana mzio wa dawa ya kontrasti. Hakumpa Festo, alinipa mimi. "Mama, hii kadi isikae nyumbani hata siku moja. Popote watakapotaka kumpiga picha, itoeni kabla hamjaulizwa."

Nikaifunga kwenye nailoni, nikaiweka kwenye pochi yangu. Miaka sita haikutoka humo, kanisani, gulioni, shambani.

Mwaka juzi Festo akaanza tumbo. Linauma chini ya mbavu linatokea mgongoni, chakula hakimpandi, suruali zikawa zinamvuka. Mafinga wakampima kwa ultrasound, wakaona kitu kama uvimbe karibu na kongosho. Wakasema aende akapigwe CT scan. Mimi nikasema twende Iringa, faili lake liko kule, wanamjua.

Eda akapiga simu. "Iringa mmekaa miaka yote mmepata nini? Mleteni Mbeya kwenye madaktari."

Tukampeleka Mbeya. Nani angebisha?

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa sebuleni kwa Eda. Festo hakula kitu, ndivyo tulivyoelekezwa, amejikunja kwenye kochi anaugulia. Nikatoa kadi, nikamwonyesha wifi yangu kwa heshima zote. Nikamwambia wifi, hii lazima waione kwanza.

Aliisoma. Naapa aliisoma! Akanirudishia.

"Ya Iringa yabaki Iringa," akasema. "Ukiwaonyesha hiyo watatuahirisha wiki nzima. Mimi nimeshaongea na mtu wangu pale, tunaingia leo."

"Wifi, alitaka kufa."

"Alikuwa amepondwa na gogo, hata maji yangemdhuru. Unataka mdogo wangu afe na uvimbe kwa sababu ya vipele?"

Nikamgeukia mume wangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwache dada, Mama Neema. Anajua." Hayo ndiyo malezi yao, dada akishasema mgonjwa hana kauli.

Tulipofika hospitali, mlangoni pa chumba cha picha wakatangaza msindikizaji awe mmoja tu. Nikasimama. Mimi si ndiye mke wake? Eda akanisukuma kwa bega, watu wamejaa kwenye mabenchi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa, "Mimi ni ndugu wa damu. Huyu ni mke tu, akae nje."

Mke tu! Miaka kumi na saba, watoto watatu, nimemwogesha huyo mwanamume, nimemlisha kwa kijiko, leo mke tu! Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliinamisha uso kwa aibu yangu. Nikarudi kwenye benchi. Nikaipakata pochi yangu.

Festo alikuwa ameshachomwa sindano kali ya maumivu, ana usingizi, akiulizwa anaitikia tu. Kwa hiyo fomu akaijaza Eda. Aliwahi kudhurika na dawa hii? Hapana. Aliwahi kupigwa picha ya aina hii? Hapana. Hapana, hapana, hapana mpaka chini, kisha saini.

Haukupita muda mrefu. Nikasikia viatu vinakimbia, mtu anaita hewa, mlango unagonga ukuta. Eda akatoka ameshika viatu vya Festo mkononi, uso umekuwa wa majivu.

"Wifi, kadi! Ile kadi iko wapi?"

Sasa ndiyo anaitaka!

Waliipokea kadi, lakini maji yalishamwagika. Festo alikaa kwenye mashine za kupumulia siku mbili. Siku ya tatu asubuhi wakatuita.

Daktari hakutugombeza, na ingekuwa nafuu angetugombeza. Alisema wangejua wangesubiri siku chache, wangempa dawa za kumwandaa, au wangempima kwa njia nyingine isiyo na dawa ile. Halafu akasema lile lililonimaliza. Picha zilikuwa zimepatikana. Ule uvimbe ulikuwa mfuko wa maji kwenye kongosho, inaelekea ni matokeo ya lile gogo la zamani. Unatibika, akasema. Unatibika!

Mnadhani Eda aliinamisha kichwa? Thubutu! Jeneza halijafika Makambako, habari zimeshafika Igowole kwamba nimemlisha mume wangu kitu. Nimelia msiba wa mume wangu watu wakinitazama mikono. Kisha nikasikia siku ya kuanua matanga ukoo utaamua watoto wangu waende Iyunga, kwa shangazi yao.

Hapo ndipo nilipoacha kulia. Nilipanda gari peke yangu mpaka Mbeya, na khanga zangu za msiba, nikaomba nakala ya fomu ya marehemu mume wangu. Walinizungusha, nikakaa pale pale mlangoni. Wakanipa.

Siku ya matanga uwanja ulijaa. Mchungaji yupo, wazee wa ukoo wako kwenye viti, Eda kakaa mbele na kitambaa cheusi kama yeye ndiye mjane. Baba mkubwa wa Festo akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikasoma ile fomu swali kwa swali, na kila baada ya swali nikasoma jibu. Hapana. Hapana. Mpaka kwenye saini. Kisha nikaitoa ile kadi ya wino mwekundu, nikampa Baba mkubwa.

Akamwita. "Eda, saini hii ni yako?"

"Ni yangu, baba."

"Na kadi hii ulionyeshwa?"

Eda akavuta kitambaa usoni. Upepo unapeperusha turubai. Akaulizwa tena.

"Nilionyeshwa."

Loo, jinsi uwanja ulivyovuma! Akaambiwa achukue mkoba wake. Watoto wakabaki kwangu, na shamba la miti la baba yao likabaki kwangu. Alipopita mbele yangu nikamwambia polepole, asikie yeye peke yake, "Nenda salama, ndugu wa damu."

Na sikuishia hapo. Nisidanganye watu, sikuishia hapo! Ile fomu niliipiga picha, nikaituma kwa kwaya yake, kwa kikundi chake cha akina mama, kwa majirani zake wa Iyunga. Nilitaka kila anapopita wanong'one. Wakanong'ona. Akaacha kwaya. Kikundi kikamweka pembeni. Nikisikia amekonda, siku hiyo nalala usingizi mtamu. Nilifurahi jamani, nilifurahi mpaka nikavimbiwa!

Wiki tatu zilizopita, asubuhi, ukungu umetanda huoni hata migomba, nikasikia mtu anabisha hodi. "Kamwene," salamu ya kwetu. Nikafungua. Eda.

Amebaki mifupa. Mkononi ana viatu vya Festo, amevisafisha na kuvipaka kiwi. Akapiga magoti kwenye tope, yeye mkubwa wangu, mbele ya wanangu.

"Wifi, nimemuua mdogo wangu," akasema. "Wengine wote wamenisikia nikisema. Wewe nilikuwa bado sijakwambia."

Siku hiyo niliiombea. Nilipanga maneno ya kumchamba mpaka arudi Mbeya kwa miguu. Nikafungua mdomo, akaniwahi.

"Ila kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi. Kabla hawajamchoma, nesi alitoka nje. Aliporudi alisema amekwenda kukuuliza na wewe. Ulimwambia nini?"

Wasomaji wenzangu... hapa ndipo nilipokuwa nachana karatasi.

Ni kweli. Yule nesi alitoka. Dada mpole, ana fomu mkononi, alinijia kwenye benchi. "Mama, wewe ndiye mke? Kuna lolote kuhusu mgonjwa tunapaswa kulijua? Hii dawa aliwahi kuchomwa?"

Pochi ilikuwa mapajani kwangu, na kadi ilikuwa ndani. Ningenyoosha mkono tu! Lakini kifua kilikuwa kinawaka na lile neno, mke tu, mke tu. Nikatazama ukutani. Nikasema, "Mimi ni mke tu. Muulizeni ndugu wa damu."

Akauliza tena. Nikampa kisogo. Akaitwa ndani, akaenda.

Nilisusa! Sikutaka afe, Mungu wangu ni shahidi. Nilitaka vipele. Nilitaka vipele tu, kama vya Iringa, wahangaike kidogo, Eda atoke pale mlangoni mbele ya wale wale watu, aniombe kadi, aniite mke wa ndugu yake. Nikakaa nasubiri kuombwa. Na kweli aliniomba, mmesikia.

Asubuhi ile kwenye ukungu nilimjibu nini Eda? Nilimwambia, "Nesi hakuniuliza kitu." Akaitikia kwa kichwa, akaviweka viatu kizingitini, akashika njia ya stendi. Sikumkaribisha hata maji.

Nawaomba, msipite nilikopita. Msiiogope CT scan, wala hiyo dawa, watu wengi wanachomwa na wanarudi nyumbani wanasimulia lile joto kwa kicheko. Kinachoua ni kuficha. Ukiulizwa, sema. Usipoulizwa, sema vile vile! Kama dawa iliwahi kukuvimbisha, kama una tatizo la figo, pumu, kisukari na vidonge vyake, kama wewe ni mama na huenda una mimba, sema. Wakitaka wakupime damu kwanza waone figo, kubali. Wakikuahirisha, ahirishwa, rudi nyumbani ukale! Na wewe mgonjwa, kama mdomo unafunguka, jijibie mwenyewe, usimwachie dada, usimwachie kaka, usimwachie mke.

Na ninyi wenye ugomvi na mawifi na mashemeji, gombaneni nyumbani. Mlangoni pa hospitali hakuna kususa. Hata kama umetukanwa mbele ya umati, toa kadi kwanza, hasira utaikuta baadaye, haiendi popote.

Najua barua hii itafika Iyunga, maana zile picha nilizosambaza zilifika. Wifi, lile la mlangoni sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Lakini uliniuliza swali ukiwa kwenye tope, nikakudanganya. Nesi aliniuliza. Aliniuliza mara mbili, na kadi nilikuwa nayo.