Uyoga Alioujua Mama

Mvua ilipokatika, Fundi aliacha cherehani. Harufu ya udongo ilimfikia dirishani, na moyo ukamwenda kwa marehemu mama yake. Siku kama hii, mama angerudi na kikapu cha uyoga.

"Twende porini," alimwambia binti yake.

Njiani kanga alikatiza na vifaranga wake. Mbele kidogo, chini ya mti, kobe alikuwa akitafuna uyoga mweupe.

"Kobe anaula, basi hauna sumu," Fundi alisema. Wakajaza kikapu.

Jioni jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua sare aliyoshonewa. Akakiona kikapu.

"Dada, nani kakuhakikishia uyoga huu?"

"Tumemkuta kobe akiula."

"Anachokula mnyama kinaweza kumuua mtu."

"Nitauchemsha sana."

"Sumu nyingine haitoki kwa moto. Na dalili huchelewa. Unakula leo, unalala vizuri, kesho unatapika huku ini linaharibika. Mama yako aliujua uyoga. Je, alikufundisha?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Yeye alikuwa akitangulia njiani, mimi nikibeba kikapu. Sikumwuliza hata siku moja. Nilidhani atakuwepo siku zote."

Muuguzi alikisogeza kikapu kando. "Alikuwa akienda na nani mwingine?"

"Mama mdogo."

Fundi hakuwa amemtembelea tangu mazishi. Sauti ya mama mdogo ilifanana mno na ya marehemu, hakuweza kuisikia.

Uyoga ule waliufukia shimoni, wakanawa mikono kwa sabuni.

Jumamosi Fundi na binti yake walikwenda kwa mama mdogo. Mama mdogo hakuuliza mbona walikuwa kimya muda wote huo. Alichukua kisu, akawapeleka kwenye kichuguu.

"Huu ndio wetu," alisema. "Mzizi wake mrefu, unaingia mpaka ndani ya kichuguu. Shikeni. Lakini mwaka huu msichume peke yenu. Nionesheni mmoja mmoja. Mkiwa na shaka, acheni. Na mtu akila akaumwa, mkimbizeni hospitali na mabaki ya uyoga. Msingoje."

Binti aliuliza maswali njia nzima.

"Huyu mtoto ni redio," mama mdogo alisema, lakini alimjibu yote.

Waliupika pamoja. Fundi akaonja, akatikisa kichwa. "Si kama wa mama."

"Dada alikuwa anazidisha chumvi. Nilimwambia miaka arobaini, hasikii."

Fundi alicheka, machozi yakamtoka. Akasogeza bakuli lake.

"Basi niongezee."