Mama Aliyeachwa Rehani

Jirani zangu wa Likoni, kisa hiki wengi wenu mwakijua, na wengine hukisimulia kwa kicheko. Mimi sicheki. Nyumba yangu na ya Mwinyihaji zimetenganishwa na ua wa makuti tu, na niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu.

Mwinyihaji alikuwa seremala wa milango na vitanda huku kwetu Mtongwe. Asubuhi zake zilikuwa za amani: randa ikipita juu ya mbao, mkewe Mwanarehema akikuna nazi barazani, na pikapu yao nyeupe aina ya Datsun imesimama mbele ya nyumba ikingoja kupakiwa. Kwa pikapu hiyo alipeleka kazi yake mpaka Ukunda.

Mwaka wa tisini na moja macho yake yakaanza kufifia. Daktari akamwambia ni presha ya macho, apasuliwe upesi, kwani nuru inayopotea kwa ugonjwa huo hairudi tena. Pesa za kupasuliwa hawakuwa nazo. Wakaafikiana, kwa shingo upande, kwamba pikapu iuzwe.

Mnunuzi alikuja Ijumaa baada ya sala. Mtu wa makamo, kanzu safi, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, maneno ya pole. Alisema anaitwa Faki na kwamba ana duka la vyombo Kisauni. Akaizunguka gari mara moja, akatajiwa bei, akasema, "Inshallah, hakuna taabu."

Ndugu zangu, hapo tu! Ni nani kati yetu anunuaye hata fungu la mchicha bila kuomba apunguziwe?

"Jumapili nitakuja na mama yangu," akaongeza. "Mimi sinunui kitu kikubwa bila baraka zake."

Mwinyihaji alifurahi mno. Alipopita kwangu jioni aliniambia, "Yule amelelewa, wallahi. Watu kama yule wamebaki wachache."

Jumapili Faki akaja kweli, nyuma yake mama mtu mzima aliyejifunga leso mbili, na begani kwake Faki mwenyewe amebeba gunia la mahindi. Akalipakia kwenye pikapu kwa uangalifu. "Mama, keti upumzike," akasema. Mwanarehema akamwamkia mama yule shikamoo, akamtandikia mkeka, akamletea chai.

Faki akafungua boneti, akasikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzee wangu, gari ni nzima. Lakini fundi wangu yuko pale karibu na feri, ningependa naye aisikilize. Nakwenda na kurudi. Nipe na logibuku, ile hati ya gari, askari wa barabarani wasinisumbue. Pesa tutahesabiana hapahapa, mama akishuhudia."

Mwanarehema akamvuta mumewe kando. Ua wetu ni wa makuti, nilisikia kila neno.

"Nenda naye."

"Nikafanye nini na macho haya?"

"Basi nitakwenda mimi. Au tumwite jirani."

"Mwanarehema, waniaibisha mbele ya mgeni! Mtu amemwacha mamake mzazi barazani kwangu. Wataka rehani gani tena?"

Injini ilikuwa imezimwa na betri ilikuwa dhaifu, kwa hivyo vijana wa mtaa wakaisukuma gari mpaka ikawaka. Mama yule akapaza sauti kutoka mkekani, "Usikawie, mwanangu!" Faki akaitika, "Naam, mama!" akaondoka.

Adhuhuri ikaingia, wakala wali pamoja na mgeni. Alasiri ikapita. Mama akaanza kuchungulia njiani. Mwishowe akamuuliza Mwanarehema, "Mwanangu, huyu ndugu yenu hukawia hivi siku zote?"

Mwanarehema aliacha alichokuwa akikifanya. "Ndugu yetu? Kwani si mwanao, mama?"

"Mwanangu? Mimi nimekutana naye leo, pale feri. Alinikuta nahangaika na gunia langu. Akaniambia, mama, nakwenda kwa jamaa zangu Mtongwe kuchukua gari langu, kisha nashika njia ya Msambweni, nitakufikisha mpaka mlangoni. Nikamshukuru Mungu. Hapa aliponiambia niketi nipumzike, nikajua atarudi kunichukua tuondoke. Naye akiniita mama, nami naitika. Si hata nyinyi mwaniita mama?"

Mwinyihaji alikuwa mlangoni. Aliushika mwimo wa mlango, akateremka polepole mpaka akaketi chini.

Habari ikaenea, watu wakajaa. "Ni mwenzake huyo! Atuonyeshe alipo!" Kijana mmoja alikuwa na fimbo. Mwanarehema akasimama mbele ya mgeni wake.

"Atakayemgusa aanze na mimi! Gari mmeisukuma wenyewe kwa mikono yenu. Sasa mwataka kumpiga mtu aliyeibiwa gunia?"

Fimbo ikashuka. Hapo ndipo mama yule alipoulizwa jina kwa mara ya kwanza. Alikuwa akiitwa Nyamvula.

Kituoni askari alimuuliza Mwanarehema, "Jina lake kamili?"

"Faki."

"Faki nani? Kitambulisho mlikiona? Duka liko mtaa gani?"

"Alisema Kisauni."

Askari akaweka kalamu chini. "Mama, Kisauni ni mji mzima."

Nilikwenda na Mwanarehema Kisauni, tukauliza duka baada ya duka mpaka miguu ikavimba. Hakuna aliyemjua. Miezi ikapita, ndipo pikapu ikaonekana karibu na machimbo ya zamani huko Bamburi: bodi tupu, haina injini, haina magurudumu, hata viti vimeng'olewa. Jamaa tulichanga, lakini mchango wa wasionacho huenda pole. Mwinyihaji alipopasuliwa, jicho moja lilikuwa limekwisha kufa, na la pili laona kivuli tu. Siku hizi Mwanarehema ndiye apimaye mbao; mumewe hupiga randa kwa kupapasa.

Mwinyihaji aliniambia siku moja, "Nilichelea kumuudhi mgeni, nikaona heri nimuudhi mke wangu."

Na bado nawasikia watu wakisema ni bahati mbaya. Bahati gani? Mwanarehema alisema, na hakusikizwa!

FUNZO

Heshima ni tabia njema, lakini si dhamana. Mnunuzi wa haki hakasiriki ukimuuliza jina lake kamili, ukakitazama kitambulisho chake, ukapanda naye garini au ukamwita jirani ashuhudie. Akikasirika, mwache aende na hasira zake, na mali yako ibaki kwako. Hati ya gari isitoke mkononi mwako kabla hujalipwa. Mkeo akiona shaka, au mumeo, isikilize shaka hiyo hata mgeni akinuna. Na mtu akikuachia mwenziwe kuwa rehani, usitosheke na kanzu wala salamu: muulize huyo aliyeachwa, kwa mdomo wake mwenyewe, "Huyu ni nani wako?" Neno hilo moja lingetosha kuyaokoa macho ya Mwinyihaji, na hakuna aliyelisema kabla gari haijaondoka.