Mguu Juu ya Pedeli

Haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na Mtambile nzima hakuna mwenye macho kunishinda mie. Hata mwezi wa Ramadhani watu hungoja niuone mie kwanza. Siku ile mguu wangu ulikuwa umevimba kwa msumari, msikiti sikuuweza, nikajikokota na fimbo yangu, nikajilaza ndani ya gari bovu lililooza uwanjani kwa fundi Nyange. Mwenyewe hakujua kama nimo.

Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri inakaribia. Fundi Nyange alibakiwa na gari moja tu ya kumaliza, saluni kuukuu nyeupe ya Ashraf, mkwewe mtarajiwa. Saa kumi gari ile ndiyo itakayomchukua Ruweida, binti yake wa pekee, kumpeleka kwa mumewe Makangale. Njia ya kwenda huko ni kupanda na kushuka kisiwa kizima, na breki zilikuwa zinanywea.

Ubaya wake ulikuwa mdogo. Ukikanyaga, pedeli yasimama. Ukiuacha mguu pale pale, yashuka polepole mpaka chini, kama mtu azamaye kwenye tope. Nyange akakagua mipira ya oili, akakagua magurudumu yote manne, akalala chini na tochi. Hapana hata tone la oili.

"Huvuji nje wewe," akaiambia gari. "Wavuja ndani kwa ndani."

Akafungua masta silinda, pampu kuu ya breki, na kweli, raba zake zimelika. Akatia mpya. Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, na kazi hiyo yataka watu wawili: mmoja juu akanyage na kushikilia, mmoja chini alegeze nati, upepo utoke.

Pandu, mwenzake wa kazi, alikuwa keshatawadha. "Nyange, Ijumaa hiyo yapita."

"Tangulia, nakuja."

"Tangu mwaka jana waja," Pandu akasema, akenda zake.

Uwanja ukawa mtupu. Nyange akajisokomeza chini ya gurudumu la nyuma, kushoto, akanadi: "Aliyepo hapo, yeyote yule, naaje anikanyagie!"

Kwetu Pemba mtu haitwi hivyo. Huitwa kwa jina, na asiyetajwa jina haitiki, hasa saa ambayo wanaume wote wako msikitini. Mie sikutajwa. Nikanyamaza.

Pedeli ikalia kwiii.

"Pandu? Kumbe hukwenda. Haya, pampu mara tatu, ushikilie."

Kwiii, kwiii, kwiii. Kisha sauti, ya chini, si ya kiume wala ya kike: "Nimeshika."

Nyange akalegeza nati, upepo ukatoka na oili, akakaza. "Achia." Akahamia gurudumu la nyuma kulia. "Leo umekula nini, Pandu? Mguu mzito kama wa ng'ombe."

"Nimeshika."

Gurudumu la tatu, la mbele kushoto, hakuwahi hata kusema kanyaga. Pedeli ilishuka yenyewe, na oili iliyomtiririkia vidoleni ilikuwa ya moto, inanukia marashi, marashi yale ya kumwagia maiti, nayo spika ya msikitini, iliyokuwa ikitoa hotuba tangu mwanzo, ikanyamaza kidogo, halafu ikakimu sala, na aliyekuwa akikimu, kwa kuwa muadhini alikuwa Unguja kwa matibabu, alikuwa Pandu.

Nyange akabaki na spana mkononi. Akatambaa, akazunguka mbele ya gari kwa magoti mpaka penye mlango wa dereva, na akainua kichwa kidogo kidogo kama aibaye, akachungulia, akakiona kiti kitupu kabisa ila kimebonyea katikati, na chini yake ile pedeli imelala mpaka sakafuni, imeshikiliwa, inatetemeka kama itetemekavyo pedeli chini ya mguu uliochoka.

"Nimeshika," ikasema, karibu na sikio lake.

Alikimbia, spana ikabaki mchangani. Mie sikukimbia. Wengine watasema ni kwa sababu ya mguu.

Alirudi na Bi Time, jirani yake, mama anayejua mambo hayo, kabeba chetezo. Nyuma yao akaja Ruweida, hina miguuni haijakauka.

"Baba, gari haijesha?"

"Rudi ndani, mwanangu."

"Kama haifai, mwambie Ashraf tungoje."

"Rudi ndani, nimesema."

Bi Time aliizunguka gari na ubani mara saba. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. "Wewe ulimwita kwa jina gani?" akanong'ona.

"Sikutaja jina. Nilisema yeyote."

"Basi huyo ndiye yeyote. Na magurudumu mangapi yamekwisha?"

"Matatu."

"Humfukuzi mtu kazini kazi haijesha, Nyange. Maliza la nne, umwambie achie, umwambie ashuke. Mlango wa dereva uache wazi. Akitoka ataufunga mwenyewe nyuma yake. Usipofungwa, mwanao asipande gari hii, leo wala kesho. Na tusiangalie, si wewe si mie."

Basi Nyange akafungua mlango, akapiga magoti penye gurudumu la mbele kulia, mgongo kaupa ule mlango, na Bi Time kageuka huko anasoma, na mie peke yangu ndani ya gari bovu, dhiraa mbili kutoka pale, natazama.

"Kanyaga," Nyange akasema.

"Nimeshika."

Akalegeza nati, na upepo uliotoka haukuwa wa mara moja, ulitoka mrefu, mrefu, kama pumzi ya mtu aliyezibwa mdomo siku nyingi, mpaka majani ya mpapai pale ukutani yakasogea, mpaka ubani ukalala ubavu, ndipo oili ikaja, safi, naye akakaza nati kwa mikono miwili.

"Achia." Pedeli ikapanda. "Ahsante. Kazi imekwisha. Shuka."

Mlango hausogei. Bi Time anasoma. Jasho la Nyange linadondoka mchangani. Tukangoja, mpaka watu wakasikika wakitoka msikitini, na pilau ya harusi inanukia uani. Ndipo mlango ukasogea polepole, peke yake, ukafungika. Ta.

Nyange akalia pale pale, kama mtoto. Saa kumi Ruweida akapakiwa kwa vigelegele, na baba yake akaishika gari ile kwa mkono mpaka ilipokunja kona.

Usiku Ashraf akapiga simu kutoka Makangale. Tumefika salama, baba. Breki umezitengeneza ajabu. Kila mteremko, kabla sijainua mguu, zishashika.

Nyange akakata simu. Alikuja kwangu na simu mkononi, akaniuliza, maana mchana aliniona nikitoka mle kwenye gari bovu: je, mlango niliuona?

Nikamwambia niliuona. Na yote niliyoyaeleza hapa ni ya kweli, nakuapieni, ila neno moja nimelitia mie, lile la "peke yake." Pilau ilikuwa inapoa. Mlango niliusukuma kwa fimbo yangu.