Mchumba wa Kikosi Kizima

Sindano aliparamia ngazi, bastola ya Glock mkononi, roho juu juu.

Ghorofa ya nne. Mlango wa bluu.

Kwenye redio ya sikioni, mkuu wa idara ya ujasusi alikuwa akifoka. "Umempata huyo mchumba?"

"Bado, mkuu."

"Fanya hima! Msafara umeshatoka kambini, na droni ya adui iko angani."

Mchumba! Mrembo wa mtandaoni, sura ya kuazima, mapenzi ya kuazima. Aliwabembeleza askari wa kikosi kizima, kila mmoja akidhani ni wake peke yake. Nao, mabwege wale, wakamtumia picha kila waendako. Nyuma yao pichani kuna daraja, nyuma ya daraja kilima. Adui ahitaji nini tena?

Na bwege mmoja alikuwa mdogo wake Sindano, kitindamimba wa mama yao, dereva wa lori la mbele. Hilo ndilo lililomchoma.

Teke moja. Mlango ukaachia.

Ndani, mwanamume mwenye kipara na kitambi, simu chungu nzima mezani. Akachupa kuelekea dirishani. Sindano akamkata mtama.

Chali!

"Wewe ndiye mrembo?" aliuliza, akimfunga pingu. "Makubwa haya!"

Jamaa akacheka. "Umechelewa, dada. Picha ya daraja nimeshawapa wakubwa. Wanashambulia sasa hivi."

Sindano akageukia meza. Mdogo wangu, jamani!

Akainyakua Samsung iliyokuwa bado inawaka. Wakubwa hawa hawakuamini maneno, waliamini picha. Basi picha watapata. Akapekua zile walizotuma askari siku za nyuma, hadi akapata moja ya malori kwenye machimbo yaliyoachwa. Akaituma, na ujumbe chini yake:

"Wamegeuza njia. Wako machimboni."

Akaikodolea simu macho.

Simu ikatetemeka: "Tumepokea. Tunahamisha shambulio."

Kisha mkuu, sauti imelegea. "Machimbo yameteketea, hakuna mtu. Msafara umevuka daraja."

Sindano akaegemea ukuta. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Simu nyingine ikalia mezani. Ujumbe wa dereva wa lori la mbele: "Mpenzi, tumefika salama. Umenikumbuka?"

Akaandika: "Sana. Mimi ni dada yako. Zima simu, mpumbavu wee."

Ujumbe ukasomwa. Muda si mrefu, dereva akatoka hewani.

Sindano akafuta uso, akavaa miwani ya jua.

"Haya, mrembo," alisema. "Tangulia."