Vipisi Viwili Mfukoni

"Hiki cha pili ni cha nani?"

Dereva wa ambulensi alikitazama kiganja cha mchumba wake. Palikuwa na vipisi viwili vya sigara, na kimoja kilikuwa na rangi nyekundu ya mdomo.

"Umevitoa wapi?"

"Mfukoni mwa koti lako. Umesahau nani anafua sare zako?"

Pale hospitalini walikofanya kazi wote wawili, mchumba huyu alitaniwa kwa jina la Bi Pasi. Katika chumba chake cha kufulia, nguo haikuingia kwenye mashine kabla mifuko haijapekuliwa. Miaka mitatu huyu bwana alikuwa akimfichia humo vijikaratasi: mke wangu, leo umekula? Basi hata leo mkono uliingia huku mwenyewe anatabasamu.

Sheria mpya ilikuwa imepiga marufuku sigara bustanini, vituoni na katika viwanja vyote vya hospitali, na ukitupa kipisi chini unakamatwa. Bi Pasi, ambaye kifua kilimsumbua tangu utotoni, alishangilia kuliko wote. Wavutaji walijengewa kibanda nje ya lango la nyuma. Dereva akaapa kwamba kibanda hakimhusu, yeye sigara ameshaiaga. Bi Pasi, maskini, akatamba kwa ndugu na majirani. Harusi ilikuwa Jumamosi hii.

"Nimevuta kidogo tu. Kazi imenielemea."

"Sikuulizi habari ya sigara, mwenzangu."

Simu ya Dereva ikatetemeka juu ya meza ya pasi. Ujumbe ukajianika mbele ya macho ya wote wawili, umetoka kwa mtu aliyeandikwa "Mapokezi":

"Niko kibandani. Njoo na kiberiti changu."

Bi Pasi alimjua. Ndiye dada aliyekaa mapokezi, ambaye kila asubuhi alimuuliza maandalizi ya harusi yamefikia wapi. Akakalia tenga la mashuka.

"Tangu lini?"

"Tangu kile kibanda kijengwe. Tulianza kwa kuazimana kiberiti tu."

"Na mimi?"

Dereva alijikuna shingo.

"Wewe kila nikifika unaninusa. Kule sijifichi."

Bi Pasi alitaka kumtukana mpaka aikome siku hiyo. Lakini kilichomjia kichwani ni mama yake, ambaye ameshaualika ukoo mzima, na yeye mwenyewe, ambaye hata sasa alikuwa bado anampenda mtu huyu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akajishusha, akamwomba.

"Niambie utaacha. Nitasahau, na Jumamosi tutafunga ndoa."

"Nitaacha. Nakuapia, sigara sitaigusa tena."

Bi Pasi akasubiri amalizie. Dereva alikuwa amemaliza.

Alichukua simu yake, akasema ana safari ya kupeleka mgonjwa, akatoka. Dirishani Bi Pasi alimwona akiipita ambulensi ilipoegeshwa, akashika njia ya lango la nyuma.

Akabaki na lile koti. Mfuko wa pili hakuwa ameupekua, na utaratibu ni utaratibu, kwa hiyo akaingiza mkono. Haukuwa na kitu, hata kijikaratasi. Akaugeuza nje ndani, akaukung'uta, kisha akaurudisha na kuingiza tena vidole, taratibu, mpaka chini kabisa kwenye mshono.